Umepunguza picha kwa mkupuo na zimeharibika? Tafuta dalili yako hapa

Mtu akiingia saiba na flashi mkononi huwa na neno moja tu: “Picha zimeharibika.” Zimeharibikaje, hasemi. Lakini picha iliyolala ubavu, picha iliyobanwa hadi bibi harusi akawa mwembamba kama mwiko, na picha iliyopauka rangi ni magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haiutibu mwingine. Ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili, kama ninavyoyapokea. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako. Ila ukikuta picha zako asili nazo zimebadilika, soma sehemu ya kwanza kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Wengi wanaonijia ni wauza leso na vikoi wa Biashara Street hapa Mombasa, wapiga picha za harusi, na wenye nyumba za wageni huko Nyali na Bamburi. Kila mmoja ana picha mia mbili, mia nne, anataka zishuke kutoka pikseli 4000 hadi 1600 au 1000, zipande mtandaoni bila kumla bando. Kwenye Windows hutumia Image Resizer ya PowerToys, IrfanView au XnConvert. Wachache wenye kupenda kuandika amri hutumia ImageMagick, na wenye Mac huwa nayo sips tayari ndani ya mashine. Nitazitaja hizo kwa majina kwa sababu ndizo ninazozishika kila siku.

Kwanza fungua folda mbili, moja ya picha asili na moja ya picha ndogo, zisiwe moja ndani ya nyingine. Halafu jaribu picha tatu kabla ya mia nne: moja ya wima, moja ya kulala, na ile nzito kuliko zote. Dakika mbili hizo zingeniokolea wateja nusu.

DALILI: Picha asili nazo zimekuwa ndogo

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na imenipata mimi mwenyewe, kwa picha 380 za harusi ya binamu yangu. Niliandika hivi:

magick mogrify -resize 1600x1600> -path ndogo *.jpg

Itazame. Nilichotaka ni kwamba kila picha iliyozidi pikseli 1600 ipunguzwe (ndiyo kazi ya ile alama ya >) na matokeo yaende kwenye folda “ndogo”. Lakini sikuiwekea alama za kunukuu. Dirisha la amri nalo likiona > huelewa jambo lake: matokeo yapelekwe kwenye faili inayofuata kutajwa. Iliyofuata kutajwa ilikuwa “-path”. Basi ImageMagick haikusikia kabisa kwamba kuna folda nyingine, ikaandika picha zote juu ya zenyewe. Ukiona ndani ya folda yako faili tupu yenye jina “-path”, jua yaliyonipata yamekupata. Amri sahihi ni hii:

magick mogrify -resize "1600x1600>" -path ndogo *.jpg

Na folda “ndogo” iwe ipo tayari, kwa kuwa mogrify haitengenezi folda.

Sababu nyingine, kuanzia ile ninayoiona sana: folda ya matokeo ni ileile ya picha asili, na kisanduku cha kuandika juu ya faili za zamani kimewekwa tiki. Kwenye Image Resizer kuna tiki ya kubadilisha picha asili bila kutoa nakala, nayo ikishawekwa mara moja hubaki hivyo hata wiki ijayo, wakati umeshasahau. Halafu kuna mogrify bila -path, na sips bila --out. Zote mbili huandika juu ya picha asili bila kuuliza.

La kufanya: acha. Usihifadhi kitu kipya kwenye diski hiyo, usipakue programu, usijaribu tena “kurudisha” kwa kukuza picha. Picha iliyopunguzwa haikuziki ikawa ya awali, pikseli zimeshatupwa.

Usijisumbue na pipa la taka la kompyuta. Faili iliyoandikwa juu haipiti huko. Angalia kwanza kadi ya kamera au simu, pengine picha bado zipo. Kisha kama folda ilikuwa inanakiliwa kwenye Google Drive au OneDrive, ingia kwa kivinjari utafute matoleo ya zamani ya faili. Google Drive huyaweka siku 30 kwa kawaida, kwa hiyo usikae wiki tano ukiomboleza. Kwenye Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, uangalie sehemu ya Previous Versions. Itakuwa na kitu ikiwa tu uliwasha uhifadhi huo kabla ya msiba. Wenye Mac wana Time Machine, kwa sharti hilohilo.

Kadi ya kamera ikiwa imeshafutwa lakini haijapigiwa picha nyingine, programu ya bure iitwayo PhotoRec huweza kuzifukua. Matokeo yapeleke kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.

Simama hapo umwone mtaalamu wa kuokoa data ikiwa diski inatoa sauti ya kugonga, kadi inasomeka mara moja na kupotea mara tatu, au picha ni za mteja aliyelipa na hazina nakala popote. Diski inayogonga izime kabisa. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inakwaruza kilichobaki. Na fundi atakayekwambia “niachie, nitaiformati kisha tuone”, mpokonye kitu chako uondoke.

DALILI: Picha za wima zimelala ubavu

Karibu kila mara sababu ni moja. Simu ikishikwa wima haigeuzi pikseli. Hupiga picha ikiwa imelala, kisha huandika ndani ya faili, kwenye maelezo yaitwayo EXIF, namba inayosema “ukinionyesha, nigeuze”. Namba 1 maana yake acha ilivyo, namba 6 maana yake geuza nyuzi 90 kuelekea kulia. Programu ikipunguza picha na kuyatupa maelezo hayo bila kugeuza pikseli kwanza, mwongozo unapotea na picha inabaki ilivyolala.

Jaribio jepesi: fungua picha asili na ile ndogo ubavu kwa ubavu. Asili ikisimama na ndogo ikilala, ni EXIF. Ukitumia ImageMagick, ongeza -auto-orient, na iwekwe kabla ya -strip (ile ya kutupa maelezo yote ya ndani ya faili), maana ikitanguliwa hakuna tena cha kusoma. Kwenye IrfanView na XnConvert kuna chaguo la kugeuza picha kwa kufuata EXIF. Lipe tiki kisha rudia kutoka picha asili.

Usizigeuze zile ndogo moja moja kwa mkono. Nimemkuta binti mmoja amegeuza mia na ishirini, na kila alipogeuza na kuhifadhi JPEG ubora ulishuka kidogo tena.

Zikisimama kwenye kompyuta yako lakini zikalala kwenye tovuti, bado ni jambo hilohilo: kitazamaji chako kinasoma EXIF, tovuti haisomi. Ikiwa hata picha asili imelala, simu ilikuwa imeelekezwa chini wakati wa kupiga, kama unapopiga leso iliyotandikwa sakafuni, ikakosa kujua upande wa juu ni upi. Hapo geuza kwa mkono, hakuna njia nyingine.

DALILI: Watu wamekuwa wembamba, au wapana

Umelazimisha vipimo viwili kwa picha zenye maumbo tofauti. Ukisema 1000 kwa 1000, programu nyingine itabana kila kitu kiingie kwenye mraba. Kwenye IrfanView weka tiki ya Preserve aspect ratio. Kwenye Image Resizer chagua Fit badala ya Stretch. Fill nayo haibani, ila hukata kingo, na leso iliyokatwa kingo ni leso isiyo na pindo. Kwa ImageMagick angalia kama kuna alama ya mshangao baada ya vipimo, iondoe. Basi.

DALILI: Jina la leso halisomeki, kikoi kina mawimbi, picha ina ukungu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara za watu zinapoharibika.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na wateja wengi hununua jina. Mama mmoja muuza leso aliniletea simu yake imejaa ujumbe, kila mteja anauliza lilelile: “Hilo jina lasemaje?” Picha zake zilikuwa nzuri, kompyuta ndiyo iliyomponza. Tupige hesabu. Leso ina upana wa kama mita moja na nusu. Tuseme herufi za jina zina urefu wa sentimita 3, na leso imejaa upana wa picha. Kwenye picha ya pikseli 4000, herufi inapata pikseli 80. Ukipunguza hadi 600, inabaki na 12, bado mwenye macho atasoma. Yeye alikuwa amechagua 300. Herufi yenye pikseli 6 haisomwi, utie ubora utakao. Kwa leso sishuki chini ya 1200, na pale tovuti inapolazimisha picha ndogo, napiga picha ya pili ya jina peke yake.

Sababu ya pili ni rangi. JPEG huweka mwangaza wa kila pikseli lakini mara nyingi hugawa rangi, ikatumia rangi moja kwa kila kijimraba cha pikseli nne. Kwenye uso wa mtu huoni kitu. Kwenye maandishi mekundu juu ya weusi, herufi zinavuja kingo kama wino uliomwagiwa maji. Dawa yake kwenye ImageMagick ni -sampling-factor 4:4:4. Programu za kubofya huita chaguo hilo subsampling, lizime. Faili itanenepa kidogo, kubali.

Mawimbi kwenye kikoi ni jambo jingine. Ukitoka 4000 hadi 600, pikseli kama 44 za mwanzo zinakuwa moja. Njia nzuri huchanganya hizo 44 kupata wastani. Njia ya mkato huchukua moja, ikatupa zilizobaki, na kwenye kitambaa chenye mistari myembamba iliyopangana, zile zilizobahatika kuchukuliwa huchora mawimbi ambayo mfumaji hakuyafuma. Kwenye IrfanView chagua Resample, si Resize ya kawaida. Kwenye XnConvert chagua Lanczos, ukwepe Nearest neighbour. ImageMagick hutumia njia nzuri yenyewe ukiandika -resize; ukiona -sample kwenye amri uliyonakili mahali, ndiyo mchawi. Mawimbi yakiwepo hata kwenye picha asili, yaliingia kwenye kamera. Sogea hatua moja nyuma, upige upya.

Ukungu mtupu bila mawimbi, mara nyingi picha haikupunguzwa, ilikuzwa. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida tayari imeshabanwa njiani. Ukiiambia programu “fanya 2000”, inainyoosha. Weka tiki ya kutokuza zilizo ndogo, nayo IrfanView na Image Resizer zote zinayo. Na mpiga picha akikutumia kazi kwa WhatsApp, mwambie atume kama waraka, zifike zilivyo.

DALILI: Rangi zimepauka au zimegeuka

Kwa picha za iPhone na kamera kubwa, sababu ya kwanza ni -strip. Simu hizo hutumia wigo wa rangi mpana kuliko ule wa kawaida wa mtandaoni uitwao sRGB, na ndani ya faili huweka wasifu unaoeleza namba zisomweje. Ukiutupa, namba zilezile zinasomwa kwa kipimo kingine na nyekundu ya leso inakuwa ya matofali. Njia salama ni kutupa maelezo mengine yote ukauacha wasifu:

magick mogrify -auto-orient -resize "1600x1600>" +profile "!icc,*" -quality 85 -path ndogo *.jpg

Kwenye Mac na Linux tumia nukuu moja moja pale kwenye '!icc,*', la sivyo dirisha la amri litagombana na ile alama ya mshangao. Faida ya pembeni: maelezo ya mahali picha ilipopigwa yanaondoka pia. Anayeuza kutoka nyumbani kwake Tudor hana haja kila mteja apate ramani ya mlango wake.

Picha zilizotoka kwa mchapishaji wa mabango zikionekana na rangi za ajabu kwenye kivinjari, huenda ziko katika mpangilio wa wino nne, CMYK. Usizichezee. Muombe mchapishaji akupe za sRGB, yeye ana wasifu sahihi wa mashine yake.

DALILI: Vipimo vimepungua lakini uzito uko palepale

Pikseli na kilobaiti ni vitu viwili. Angalia kwanza mwisho wa jina: kama ni .png na ni picha ya kamera, umeipata sababu. PNG haitupi kitu, na picha ya pikseli 1600 inaweza kuzidi megabaiti 3 kwa urahisi. Hifadhi kama JPEG. Kubadili jina kutoka .png kuwa .jpg hakugeuzi chochote. Ni kumvisha mbuzi kilemba.

Pili, ubora umewekwa 100. Kati ya 80 na 85 jicho halioni tofauti kwenye picha nyingi, na uzito hushuka sana. Ukishuka chini ya 70 vijimraba vitaanza kuonekana angani na kwenye ukuta mweupe. Kwa picha za skrini na matangazo yenye maandishi, geuza maneno yangu: hapo PNG ndiyo nyepesi na safi.

DALILI: Programu imeruka baadhi ya picha

Hesabu faili kwenye folda zote mbili. Ziko 400 huku na 371 kule. Zile 29 zina kitu zinachofanana. Panga kwa aina ya faili uone.

Mara nyingi ni HEIC. iPhone hupiga kwa muundo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na programu iliyoambiwa ishughulikie *.jpg itazipita kama basi lililojaa. Zigeuze kwanza, XnConvert inaweza, au kwenye simu ingia mipangilio ya kamera, Formats, uchague Most Compatible kwa picha zijazo. WebP zilizohifadhiwa kutoka kwenye kivinjari ni hivyohivyo.

Kisha herufi kubwa. Kwenye Linux, .JPG na .jpg ni watu wawili wasiojuana, na kamera nyingi huandika kwa herufi kubwa.

Kisha jina lenyewe, na hapa Kiswahili kina balaa lake. Mpiga picha mmoja alikuwa na faili ziitwazo “ng'ombe wa walima 1.jpg”, “ng'ombe wa walima 2.jpg” na kuendelea. Skripti (faili ya amri zilizoandikwa tayari) aliyopewa na rafiki yake ilitumia xargs kwenye Mac, amri inayoipa programu nyingine majina ya faili, na xargs ikiona ile alama ya ng' huidhani ni mwanzo wa nukuu, ikatafuta mwisho wake, isiuone, ikalalamika na kusimama. Alikuwa ameshabadilisha kompyuta kwa ajili hiyo! Badili majina, au tumia find pamoja na -print0 na xargs pamoja na -0. Nafasi kati ya maneno huleta matata ya aina hiyohiyo pale skripti isipoweka nukuu kwenye majina.

Sababu za nadra: picha ziko ndani ya folda ndogo na programu haikuambiwa iingie humo, faili ziko mtandaoni tu na kwenye diski kuna kivuli chake, kama OneDrive inavyofanya, njia ya folda ni ndefu kupita herufi 260, kikomo cha zamani cha Windows, au faili imeoza. Inayofunguka nusu, chini ikawa kijivu, ilikatika wakati wa kunakiliwa. Inakili upya kutoka kwenye kadi. Flashi moja ikitoa nyingi za namna hiyo, toa vilivyomo uiache kuitumia. Flashi za bei ya kutupa huandikwa gigabaiti 64 na ndani hamna hata nane.

Kwa wanaotumia ImageMagick kwenye Windows: mkifuata maelekezo ya zamani mkaandika convert badala ya magick, mnaweza kuamsha programu tofauti kabisa ya Windows, ya kugeuza mfumo wa diski. Italalamika na hakuna picha itakayotoka. Andikeni magick.

DALILI: Kompyuta inaganda, inakwenda pole, au inazima katikati

Faili ya megabaiti 5 haibaki 5 ikifunguliwa. Picha ya pikseli milioni 50 huhitaji angalau megabaiti 150 za memori, na programu nyingi huhitaji mara kadhaa ya hiyo. Zikifunguliwa nane kwa pamoja kwenye mashine ya gigabaiti 4, imekwisha. Funga kivinjari, punguza idadi ya kazi zinazokwenda sambamba hadi moja au mbili, gawa picha mafungu ya hamsini. Nakili picha kwenye diski ya ndani kwanza. Kusoma na kuandika kwenye flashi moja ni kupika kwa jiko la mshumaa. Kwenye Linux, ImageMagick ikilalamika kuhusu “cache resources exhausted”, kikomo chake kimo ndani ya faili yake ya mipangilio, policy.xml. Kiongeze ikiwa memori unayo kweli.

Halafu joto. Msimu wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, chumba kisicho na feni kinafika nyuzi 32 kabla laptopu haijawashwa. Kazi ya mkupuo huifanyisha prosesa kazi mfululizo, na ikipata moto hupunguza kasi yenyewe, ikizidi huzima. Ukiona picha hamsini za kwanza zimekwenda mbio na zilizobaki zinajikokota, ni joto. Itoe kwenye kitanda na kwenye kitambaa cha meza, iinue iingie hewa chini, fanya kazi usiku. Ikiwa ina miaka mitatu mjini hapa, vumbi na chumvi ya bahari vimeshakaa kwenye kipepeo chake. Hewa ya kopo unaweza kupuliza mwenyewe. Kuifungua na kubadili pasta ya kupoza prosesa mwachie fundi.

Stima ikikatika katikati, usiendelee ulipoachia kwa kukisia. Futa folda ya matokeo yote, uanze upya. Picha ya mwisho iliyokuwa ikiandikwa huenda ni nusu, na hutaijua mpaka mteja aione.

Acha kabisa, chomoa waya ukaite fundi, ikiwa unasikia harufu ya kuungua, padi ya kugusa imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa. Betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji hata “kidogo tu nimalize”.

DALILI: Kazi uliyoipanga ijiendeshe yenyewe haijiendeshi

Ukiifanya kwa mkono inakwenda, ukiipanga usiku hakuna kitu. Kwenye Windows, angalia kwanza sehemu ya masharti ndani ya Task Scheduler. Kazi mpya huja ikiwa na tiki inayosema ianze tu laptopu ikiwa kwenye umeme wa ukutani. Stima ilipopotea saa nane usiku, kazi ilikaa kimya kama ilivyoagizwa, bila kukosea. Ondoa tiki ikiwa betri yako inaaminika.

Pili, skripti inatafuta folda “ndogo” mahali pasipo. Ukibofya mwenyewe, inaanzia ndani ya folda yako. Mpangaji anaanzia kwingine. Andika njia kamili, kuanzia C: hadi mwisho, na vivyo hivyo kwa cron, mpangaji wa kazi wa Linux, hata kwa programu yenyewe. Tatu, asilimia: ndani ya faili ya .bat, 50% lazima iandikwe 50%%, la sivyo alama hiyo humezwa.

Skripti inayochungulia folda na kurukia kila picha inayoingia ina matata mawili ya kwake. Huikamata picha kabla haijamaliza kunakiliwa, ikatoa nusu. Iambie isubiri mpaka ukubwa wa faili ubaki vilevile kwa sekunde tano. Na matokeo yakitupwa kwenye folda ileile inayochunguliwa, itaona picha mpya, itaipunguza, itaona nyingine mpya, itaipunguza tena. Niliwahi kuamshwa asubuhi na simu ya jirani: “Mjomba, diski imejaa na nilikuwa na picha kumi na moja tu.” Tulikuta elfu ishirini na kitu, zote za jahazi moja pale bandari ya zamani, zimepunguzwa, zikapunguzwa tena, hadi za mwisho kabisa zilikuwa doa la rangi ya samawati lenye pikseli moja.